Radhi ya Nini?

Binti wa marehemu kaka yangu aliusimamisha mkutano wa serikali kadhaa kwa kuuliza swali moja, na swali lenyewe nililifahamu kabla hajamaliza kulitamka.

Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na meza ya chai, nimevaa koti langu la Pasaka. Hoteli ilikuwa hapa Moshi mjini. Wageni walikuwa wajumbe wa nchi jirani na mabalozi wao, na tangu asubuhi kila mapumziko walikuwa wanakwenda dirishani kuutafuta mlima. Mlima siku hiyo ulikuwa umejifunika wote. Mimi sikuwa na habari nao. Nilikuwa namtazama mwanangu, maana kwetu mtoto wa kaka ni wako, akiwa kwenye meza ya pembeni pamoja na watu wa vyama vya kutetea haki za binadamu. Alikuwa amenipigia simu wiki hiyo: "Baba mdogo, njoo uone ninavyofanya kazi. Nimechoka kukueleza kwenye simu, kila mara unaniuliza kama mimi ni hakimu."

Walikuwa wanajadili wakimbizi wa nchi ambayo sitaitaja, namna watakavyorudi kwao. Tamko lilikuwa limeandikwa kwa lugha kadhaa, na la Kiswahili liliangazwa ukutani. Mstari mmoja ulisema: Wakimbizi watakaorejea watasamehewa na kupewa ulinzi. Mimi niliusoma nikauona mzuri. Ulikuwa na upole.

Mwanangu akanyoosha mkono. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba tubaki hapo kidogo. Watasamehewa nini?"

Mwenyekiti, mtu mnene mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, akatabasamu. "Dada yangu, hilo ni neno la ukarimu tu. Msamaha ni kitu chema."

"Ni chema kwa aliyekosa, mheshimiwa. Hawa walikimbia nyumba zinazoungua. Kosa lao ni lipi? Kukimbia?"

Mjumbe mmoja wa mbele akacheka kwa sauti. "Wanasheria bwana! Leo chakula cha mchana tutakila jioni kwa ajili ya neno moja."

"Mheshimiwa, neno hili mimi nimelisubiri muda mrefu kuliko chakula," akajibu, na watu wakacheka, hata yule mjumbe. Kisha akaendelea bila kupandisha sauti. "Tukiandika watasamehewa, mama mmoja atarudi kijijini kwake, atamkuta mtu analima shamba lake. Atasema, naomba shamba langu. Yule atasema, wewe si ndiye uliyesamehewa? Shukuru umerudi hai. Na karatasi yetu ndiyo itakayokuwa shahidi wake. Naomba tuandike watapokewa."

Mwenyekiti akaishusha miwani machoni, akausoma mstari ule upya, midomo yake ikicheza kama ya mwanafunzi. Mjumbe mmoja akatoka nje na simu kuuliza wakubwa wake. Mwingine akasema nchi yake haiwezi kukubali. Nilidhani sasa mwanangu atamkaba kwa hoja. Hakumkaba. Wakati wa mapumziko alisimama naye dirishani, akamwonyesha kwa kidole mahali kilele cha Kibo kingeonekana kama mawingu yangeondoka, na nilimsikia akimwuliza kwa utulivu, "Ukifika nyumbani ukiulizwa na mama yako, neno gani utaweza kulisema mbele yake bila kutazama chini?" Yule bwana alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Kabla ya kuagana, neno ukutani lilikuwa limebadilika. Watapokewa. Niliona herufi zinafutwa, nyingine zinaingia, na nikafikiria watu nisiowajua, walioko kwenye mahema nisiyoyajua, ambao siku moja watapita mpakani na hakuna atakayewaambia wao ni wakosaji. Kwa sababu ya mtoto aliyezaliwa Kirua Vunjo, ambaye niliwahi kumbeba mgongoni kuvuka mfongo, mfereji wetu wa maji.

Mama aliyekuwa anagawa chai akaniinamia. "Mzee, unaumwa?"

"Hapana. Yule ni mwanangu."

"Sasa mbona umekunja uso kama umemeza mwarobaini?"

Jibu lilikuwa refu. Swali la radhi ya nini niliulizwa mimi kwanza, mtu mzima na elimu yangu ya sekondari, na nikalijibu vibaya.

Kwetu mlimani kila ukoo una kihamba chake, shamba la migomba na kahawa ambalo nyumba iko katikati yake na makaburi yako pembeni. Mpaka wa kihamba ni safu ya mimea ya sale, yenye majani marefu ya kijani. Jani hilohilo la sale ndilo tunalobeba mkononi tunapokwenda kwa mtu na jambo zito. Ukimkosea jirani, unampelekea sale. Lakini pia ukiwa na ombi kubwa, ombi ambalo maneno matupu hayalitoshi, unabeba sale. Mtu aliyeletewa sale hawezi kukataa. Akikataa, watu watamtazama kwa namna nyingine mpaka anazikwa.

Kaka yangu alipofariki alimwacha mke na binti mmoja, hakuacha mtoto wa kiume. Wazee wa ukoo wakasema kihamba kirudi kwa ukoo. Shemeji yangu akakata jani la sale kwenye mpaka wake mwenyewe, akaenda nalo mlangoni kwa mzee mkubwa wa ukoo, akapiga magoti. Mimi nilikuwepo. Alisema kwa Kichagga, na nilimsikia kila neno, kwamba anawasihi wamwache akae pale mpaka mtoto akue, na kwamba mumewe amelala pale. Mzee hakulipokea jani. Aliliacha chini.

Shauri likafika kwenye baraza. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kutoka mkoa mwingine, Kichagga hakijui, na shemeji yangu akiwa na uchungu alikuwa hasemi lugha nyingine. Wakatafuta mtu wa kutafsiri, wakaniona mimi. Nilisimama nimefunga vifungo vyote vya shati. Mwenyekiti akauliza, huyu mama alipokwenda na hilo jani alikwenda kufanya nini?

Nikasema, "Alikwenda kuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

Hapo ndipo ningeweza kujirekebisha. Mwenyekiti alikuwa amenifungulia mlango. Nikasema, "Ya makosa yake."

Shemeji aligeuka. Kiswahili cha sokoni alikuwa anakijua. Akasema, "Siyo hivyo," na mzee mmoja akamwambia, mama, subiri zamu yako. Zamu yake haikuja. Wakaandika kwamba mjane alikiri kuukosea ukoo. Mtoto alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika kanga ya mama yake, ananitazama.

Sikukosea Kichagga. Watu wakinihurumia husema labda neno lilinichanganya, kwa sababu sale ni moja na maana ni mbili. Halikunichanganya. Kihamba kile kinapakana na changu, na kahawa ya pale niliichuma mimi miaka yote iliyofuata. Wazee waling'oa safu ya sale iliyokuwa katikati, mashamba yakawa moja, na mimi niliwasaidia kung'oa.

Shemeji na mtoto wakashuka mjini, wakapanga chumba Majengo, nyumba ya mama mmoja wa Kiislamu, fundi cherehani, ambaye kibarazani kwake kila mtu anayepita lazima asemwe. Mtoto alilelewa katikati ya adhana na cherehani, akijifunza Kiswahili cha kujibizana. Mama yake aliuza ndizi. Asubuhi mtoto alikwenda misa, jioni aliwasomea barua watu wa mtaani, maana yule fundi alikuwa amemtangaza kote: "Huyu Mchagga wangu anasoma mpaka yaliyoandikwa kwa wino mwembamba." Haya niliyapata kwa kusimuliwa. Mimi nilikuwa nikipita Majengo kwa kuzunguka.

Nasikia mtu akiuliza, wakili kama huyu anatokea wapi? Najua nilichokiona. Alipomaliza masomo ya sheria alipanda Kirua, peke yake, akanikuta naanika kahawa. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba." Nilidhani amekuja na mashtaka. Akakaa kwenye gogo, akasema, "Nataka kujua mama alisema nini siku ile. Maneno yenyewe. Mimi nilikuwa mdogo, na mama hasemi, na wengine wote waliokuwepo wamekufa."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kichagga kwanza, halafu kwa Kiswahili, kama ilivyokuwa inatakiwa nifanye barazani. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, wala hakunitukana, na ningefurahi angenitukana. Akaniuliza tu, "Kumbe alisema 'nawasihi'?" Nikasema ndiyo. Akalirudia neno lile mara kadhaa kwa Kichagga, polepole, kama anaonja kitu. Kisha akanishukuru: "Aika mbe." Akashuka.

Tangu hapo hakuacha kunipigia simu. Sijui kwa nini. Alianza kwa kuwatetea wajane wa huku mlimani, mmoja mmoja. Nilikuwa nakwenda mahakamani kumsikiliza nikiwa nimejificha kwenye watu. Kila shahidi aliyesema kwa lugha ya kwao, yeye alikuwa anasimama: "Mheshimiwa, naomba mkalimani arudie neno lenyewe kabla ya tafsiri." Mawakili wengine walikuwa wanapumua kwa kuchoka. Mimi nyuma nilikuwa nakaza meno. Baadaye akashuka Kahe, kwa wakulima wa mifereji waliokuwa wanaambiwa wamevamia ardhi ambayo babu zao waliichimbia maji. Akakaa nao matopeni, anauliza kila mfereji unaitwaje na kwa nini. Mahakamani akayataja majina yale yote, na ilionekana wazi kwamba mvamizi hawezi kuwa na jina la babu yake kwenye mfereji. Wakabaki kwenye ardhi yao.

Kisha nikaanza kusikia simu zake zinatoka mbali. Alikuwa ameona kwamba mambo mengi yanayomfikia mama wa Kahe au wa Kirua yameshaamuliwa kwenye vyumba ambavyo mama huyo hatavijua kamwe, pale nchi moja inapokubaliana na nyingine. Basi akaamua kuingia kwenye vyumba hivyo. Hana jeshi, hana cheo cha serikali, hana nchi nyuma yake. Ana begi na miwani. Anakwenda kwa mawaziri, kwa mabalozi, kwa wabunge wa nchi za watu, anawaomba waangalie mstari fulani. Wengine wanamkatalia. Siku moja alinipigia akiwa uwanja wa ndege huko ughaibuni, amekataliwa, sauti imeisha. Nikamwambia arudi nyumbani apumzike. Akasema, "Baba mdogo, wamekataa, lakini neno wamelisoma. Mwaka ujao hawatasema hawakuliona." Nilizima simu. Mimi kazi iliyonishinda ilikuwa kusema neno moja kwa ukweli mbele ya mtu mmoja. Yeye analisema mbele ya mataifa, wanalikataa, anarudi nalo tena.

Sasa nirudi pale hotelini. Mkutano ulipokwisha alikuja akakaa kwenye kiti cha jirani, akavua viatu chini ya meza.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Nilitaka usikie nikiuliza."

"Nilisikia."

Kisha akasema kilichomfanya aniite. "Mama anataka kurudi Kirua. Miguu yake haimbebi tena vizuri. Anasema hataki kufia Majengo akazikwa kwenye makaburi ya mji. Anataka alale alipolala baba."

Nikamwuliza kwa nini asiende mahakamani, yeye ambaye hakuna wa kumshinda mkoa mzima.

"Nilimwambia. Amekataa. Anasema mahakama itampa shamba, haitampa jirani."

Jirani ni mimi. Nikasema nitakata sale kesho asubuhi nimpelekee, nimpigie magoti kama alivyopiga yeye.

Mwanangu akatikisa kichwa. "Hapana, baba mdogo. Usimpelekee sale."

"Kwa nini? Safari hii ni radhi kweli."

"Kwa sababu sale haikataliwi. Ukiibeba umeshamwamulia. Alinyang'anywa nafasi ya kusema ndiyo, usimnyang'anye nafasi ya kusema hapana. Nenda mikono mitupu."

Mimi ni Mchagga, nimezeeka kwenye migomba, nimebeba sale na nimeletewa sale maisha yangu yote. Sikuwahi kuifikiria hivyo. Nilimtazama mtoto yule akivaa viatu vyake, nikaona kwamba watu wale wakubwa waliobadilisha neno hawakushindwa kwa bahati mbaya.

Majengo nilikwenda bila kuzunguka. Yule fundi cherehani amezeeka, lakini mdomo wake haujazeeka. Aliniona kabla sijafika kibarazani, hodi yangu ikiwa bado mdomoni.

"Hodi ya nini, si useme tu, mzee wa radhi! Leo umetafsiri njia vizuri, umefika?"

"Nimefika, mama."

"Mikono mitupu?"

"Mitupu."

"Hata ndizi?" Akamwita aliye ndani. "Shoga! Shemeji yako huyu hapa, kaja kama alivyozaliwa!"

Shemeji alikuwa amekaa kitandani, miguu imewekwa juu ya stuli. Hakunikaribisha kukaa, na sikukaa. Nilisema nilichokuja kusema. Nilisema, siku ile ulisema nawasihi, mimi nikasema radhi, na nilijua. Nitakwenda kuwaambia ukoo, wewe ukitaka kurudi au usipotaka, ukinisamehe au usiponisamehe. Nilisema kwa Kichagga ili neno lolote lisipotee njiani.

Cherehani nje ilimaliza pindo zima. Kisha akasema, "Mgomba wa mlalu nyuma ya nyumba upo?"

"Upo. Umezaa watoto wengi."

"Usiukate," akasema.

Wana ukoo niliwaita kwangu, nikawawekea mbege, pombe yetu ya ndizi, ili wasiondoke mapema. Wengi walikuwa vijana wa wale wazee. Nilisimama nikasema yote. Binamu yangu mmoja akaweka kata ya pombe chini.

"Kwa hiyo umekula kahawa ya mtu mpaka meno yamekwisha, leo ndiyo umekumbuka Kichagga?"

"Ndiyo."

"Na tukisema kihamba ni cha ukoo?"

"Mtasema. Lakini hamtasema tena kwamba alikiri. Hakukiri. Mimi ndiye niliyemkirisha, na nitasema hivyo popote mtakapokwenda."

Walibishana mpaka mbege ikaisha. Mwenye umri mdogo kuliko wote akauliza kama ni kweli huyu ndiye mama yake yule dada anayeonekana kwenye taarifa ya habari. Binamu yangu akamkemea kwamba jambo hili halihusu televisheni. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyesema mwishowe, akinyanyuka na kujikung'uta suruali, "Basi arudi. Tutamsamehe na tutampokea."

Nikasikia sauti yangu, sijui niliitoa wapi. "Tutamsamehe nini?"

Alinitazama sana. Kisha akacheka kwa pua. "Haya, mwalimu. Tutampokea."

Shemeji alipanda Kirua siku ya mawingu mepesi, kwenye gari la mwanae, amekaa mbele, fundi cherehani nyuma amekumbatia sufuria la pilau, anauliza kwa nini watu wa huku wameweka baridi nyingi hivi. Alishuka kwa fimbo. Alikwenda kwanza kaburini, na sisi tulibaki barazani. Kisha akaja mpaka pale mashamba yanapokutana, pale nilipowasaidia wazee kung'oa, akaniomba panga.

Nikampa. Akakata matawi ya sale kwenye ua wangu, mimi nikiangalia, akayaweka chini kwa mstari. Hakuweza kuinama, kwa hiyo alinionyesha kwa fimbo mahali pa kuchimba. Nikachimba. Alikumbuka ule mpaka ulipopita vizuri kuliko mimi, na palipopinda alipinda.

Tulipofika katikati nikauliza, na nilijuta hapohapo kuuliza, "Shemeji, hii sale ni ya nini?"

"Ya mpaka," akasema. "Ile nyingine, ya radhi, bado nafikiri."

Chini njiani, karibu na mfongo, mwanangu alikuwa anatembea huku na huku, simu sikioni. Mtu wa nchi fulani alikuwa anabisha upande wa pili, na yeye alikuwa anamwambia kwa upole kwamba anaomba wabaki kwenye mstari huo kidogo. Shemeji alimsikiliza, mkono juu ya fimbo. Kisha akanigusa bega na ncha yake. "Chimba, shemeji. Bado mbali."